Bushi za Mzeituni

Kitendawili, wajukuu zangu. Anakwenda na kurudi ndani ya nyumba yake, akilegea mlangoni watu wanalia. Msiwe na haraka ya kunipa mji. Jibu lake mimi nilikuja kulijua ukubwani, nimekalia tairi bovu pale Lyamkena, Makambako, namtazama fundi Halfan akilifungua gari la marehemu babu yenu.

Lilikuwa gari dogo jekundu, viti viwili tu, paa lake turubai. Mzungu mmoja wa mashamba ya miti ya miwati alipoondoka alimwachia babu yenu Romanus, aliyekuwa seremala wake. Watu wa Kifanya, kijijini kwetu, walicheka sana. Mtu ana watoto sita, anapewa gari la kubebea wawili! Romanus hakujali. Alilifuta vumbi kila asubuhi kama mtu anayemwosha mtoto uso.

Na gari hilo ndilo lililomuua. Pale kwenye mteremko wa kuingia kijijini, chini ya msitu wa wazee, usukani ulikwenda kushoto, naye akaenda nao mpaka kwenye mti. Gari lilikunjika ubavu kidogo. Yeye tulimzika.

Akalirithi Obed, kitinda mimba wangu. Siku hizo alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la mbao Makambako, na mkewe Feliciana alikuwa anafundisha kwetu Kifanya, kwa hiyo kila Jumamosi aliushuka mteremko ule. Na kila alipoushuka, usukani ulivuta kushoto. Pale tu, si penginepo. Feliciana aliniambia, "Mama, mwanao akifika hashuki. Anakaa garini ameshika usukani mpaka chai inapoa."

Nikamuuliza Obed. Akacheka.

"Baba ananisalimia tu, mama."

"Na wewe unaitikia?"

Hapo hakucheka tena. Nikajua kwamba anaitikia. Nilikuwa nimeshamzika mume, sikuwa na nguvu ya kumzika na mtoto kwa mti uleule. Nikamwambia Jumatatu naondoka naye, na halirudi Kifanya gari hilo kabla fundi hajaliona tumbo.

Halfan alikuwa mtu wa Kondoa, ameoa Makambako, mdomo wake haukujua kupumzika.

"Shikamoo bibi. Hili ndilo gari au ndiyo sahani ya sabuni?"

"Marahaba. Ni gari. Linataka kuniulia mtoto."

"Ninyi Wabena baridi imewagandisha. Gari likiyumba mnasema mzimu, breki zikishika mnasema mzimu amelala." Lakini alipoingiza kichwa chini ya gari na kumwambia Obed azungushe usukani, alisema tu, "Zungusha tena." Kisha akatoka akijifuta mikono. "Usukani unazunguka, tairi zinachelewa kufuata. Reki inacheza. Bushi zake zimekwisha."

Nikamwuliza reki ndiyo nini. Akanionyesha kwa kidole mkononi: ni chuma kirefu chenye meno, kimelala ndani ya bomba, ukikata usukani kinakwenda huku na huku, kinasukuma tairi. Mwishoni mwa bomba kuna bushi, kama pete, inayokishika kisitikisike. Ikilika, chuma kinapata nafasi, nawe hujui tena gari linakwenda unakotaka au linakotaka lenyewe. Hapo ndipo nilipolipata jibu la kitendawili changu, na wala sikufurahi.

Aliweka jeki, akaweka magogo, akatia alama ya rangi mahali usukani unapoungana na reki ili arudishe vilevile. Akafungua ncha za reki zinazoshika tairi, akavua mipira ya kuzuia vumbi iliyokuwa imechanika, akachomoa chuma. Kisha akaanza kugonga bushi ya kushoto polepole kwa kipande cha bomba. Ilipotoka akaigeuza geuza juani.

"Bibi, njoo uone. Hii si nailoni, wala si shaba. Ni mti."

Hilo halikunishangaza. Kabla ya miaka ile ya ruksa, biashara haijafunguliwa, duka lilikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Spea ungeitoa wapi? Wenye viwanda vya mbao kwetu walichonga bushi za miti migumu, wakazichemsha kwenye oili, na mashine zikafanya kazi. Romanus alikuwa fundi wa hayo. Nikanyoosha mkono, nikaipokea. Ilikuwa imelika upande mmoja tu, kama mwezi mchanga. Halfan akasema, "Ndiyo maana. Ukishuka mteremko, barabara imelala upande, ukikanyaga breki, chuma kinaangukia kwenye hili pengo. Lazima liende kushoto."

Nikainusa. Oili, halafu nyuma ya oili, harufu nyingine, tamu, kavu.

Nikainusa mara ya pili.

Kwetu siku zile kila kilima kilikuwa misindano na miwati ya kupandwa. Mizeituni ya porini ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, msitu wa wazee, wanakolala waliotutangulia. Pale hapakatwi hata fimbo ya kuchungia. Na aliyekata, dawa yake ni moja: akirudishe alichokata kwa mkuu wa ukoo, siku hizo mzee Ezekia, mchana, watu wanaona, amekishika kwa mikono miwili, aseme mkono wa nani ulikata. Akiwa amekufa, anasema mwanawe.

"Obed, huu ni mzeituni," nikasema.

Akaipokea, akainusa, akakunja uso.

"Mama, baba alikuwa mzee wa kanisa."

"Alikuwa."

"Unataka nisimame mbele ya mzee Ezekia na ukoo wote niseme baba yangu alikuwa mwizi wa makaburini? Kwa kipande cha mti?" Halfan alikuwa ameshagonga na ya kulia ikatoka. Obed akazichukua zote mbili akazitupa kwenye ndoo ya oili chafu. "Fundi, tia mpya. Mambo yaishe."

Mpya zilikuwepo. Siku hizo Mansoor alikuwa amefungua duka la spea karibu na stendi, vitu vya Dubai mpaka dari. Halfan alipima, akakwangua kidogo kwa tupa, akapaka grisi, akazisukumiza ndani taratibu kwa boliti ndefu na nati, akarudisha chuma kwenye alama yake. Obed alipokwenda kunawa, niliingiza mkono kwenye ndoo, nikazifunga bushi za mzeituni kwenye ncha ya kanga. Halfan aliniona. Safari hii hakutania. Alinipa kitambaa cha kufutia mkono.

Tukaondoka. Wajukuu zangu, lile gari lilinyooka! Makambako mpaka Njombe mjini, Obed alikuwa anaendesha kwa vidole viwili, anapiga mluzi. Tulipopita mjini alisema, "Unaona, mama? Ilikuwa bushi." Nikasema naona. Moyoni nikamshukuru Mungu, nikaona labda hata kanga nimeichafua bure.

Tukafika mteremkoni. Jua lilikuwa bado juu, msitu umekaa kimya upande wetu wa kushoto. Gari likaanza kwenda kushoto.

Nikaitazama mikono yake. Usukani haukuvuta. Mikono ndiyo iliyokuwa inaukata, polepole, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango. Na ilikuwa imeshika chini, vidole gumba vimelala nje, kama alivyoshika Romanus maisha yake yote. Obed hakuwahi kushika hivyo.

"Obed, unakwenda kushoto."

"Naona, mama."

"Bushi ni mpya."

"Naona." Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto wa shule. "Siwezi kuirudisha mikono."

Nikamwita jina lake la nyumbani, lile nililompa akiwa mgongoni. Akakanyaga breki. Tulisimama majani yakiwa yamefika taani, na mti ule uko mbele yetu, kovu lake bado halijafunga. Akaitoa mikono kwenye usukani mmoja mmoja, akaitazama kama mikono aliyoazimwa.

Akasema, bila kunigeukia, "Umezibeba?"

"Nimezibeba."

Hakutaka kuendesha tena. Tuliliacha gari pale tukashuka kwa miguu mpaka kwa mzee Ezekia, Obed mbele amezishika kwa mikono miwili, oili inamchuruzikia viwikoni. Wanawake waliokuwa wanapukuchua mahindi uani walisimama. Mzee Ezekia alikuwa anatengeneza mpini wa jembe.

"Kamwene," Obed akamsalimia kwa Kibena, akamnyooshea bushi. "Baba yangu Romanus aliukata mti. Ni mkono wake. Mimi ni mwanawe, nimeurudisha."

Nikasikia mmoja wa wale wanawake akivuta pumzi. Jina la mume wangu lilianguka pale uani mbele yangu, na sikuliokota.

Mzee Ezekia akaweka mpini chini. Akazipokea kwa mikono miwili, akazinusa, akasema, "Zimerudi." Halafu akatuuliza kama tumekula.