Zamu ya Mvua Kutua Kagerankanda

Asubuhi hiyo Dorcas Niyonkuru alikuwa akipalilia maharage yake, jirani na uzio wa uwanja wa ndege wa Kagerankanda, wingu la mvua lilipopita juu yake, likakata kona kuelekea Kasulu mjini, kisha likarudi. Lilikuwa likizunguka hivyo tangu juzi. Maharage yalishaanza kukunja majani.

"Hili nalo limekosa nafasi," alisema mumewe, Venanti, bila kuacha kulima.

Zamani ndege zilikuja kwa nadra, zikiwaleta watu wa mashirika ya wakimbizi, na mbuzi walifukuzwa uwanjani kwa fimbo. Siku hizi zinakuja za wafanyabiashara, za watalii wanaotafuta sokwe, na za viongozi wanaokuja kuzindua vitu vilivyokwisha kuzinduliwa. Anga limejaa. Mvua nayo, kama kitu kingine chochote kinachoshuka kutoka juu, ikatakiwa iombe ruhusa.

Dorcas alinawa miguu, akafunga kitenge safi, akapanda mnarani. Aliyekuwa akiongoza ndege ni Firdausi, binti wa Tanga aliyehamishiwa huku mwaka jana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia mvua yangu."

Firdausi akachungulia dirishani. "Ile ya kijivu? Naisikia kwenye redio tangu juzi. Ina adabu sana. Lakini kuna ndege ya mheshimiwa inatua, halafu ya mkewe, halafu ya mizigo ya mkewe."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo zinaondoka, mama. Nazo zinahitaji njia ya kurukia."

Akampa kipaza sauti aongee nayo mwenyewe. Dorcas akaisalimu mvua kwa Kiha na kuiomba ivumilie. Ikajibu kwa sauti ya chini kwamba inavumilia, ila imeanza kuvuja.

Malalamiko ya wakulima yalipozidi, meneja wa uwanja, Bwana Lukmani, aliwaita kwenye ukumbi wa abiria.

"Ndege zimeongezeka, uwanja umebaki uleule," alisema. "Tutajenga njia ya pili. Hiyo itakuwa ya mvua peke yake."

Watu wakapiga makofi. Dorcas alipiga mpaka viganja vikamwasha. Wiki iliyofuata wapimaji walikuja wakachomeka vigingi vyao katikati ya maharage yake, naye akarudi kwa meneja kuuliza kama hawajakosea.

"Mama, mvua ni yako," alisema Bwana Lukmani kwa upole. "Ulitaka itue kwa nani?"

Dorcas alilifikiria swali hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Venanti alicheka kidogo aliposimuliwa. Alikulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila.

"Niliona Mtabila ikifungwa," alisema. "Kule angalau walituambia kwamba tunaondolewa."

Lami ilikamilika. Siku ya ufunguzi mvua ilitua kwa wakati, vizuri, bila kutikisika. Ikakimbia njia nzima, ikaingia mtaroni, ikatokea ng'ambo ya uzio ambako hakuna aliyelima kitu. Bwana Lukmani akaipungia mkono. Habari za njia mpya zikaenea, ndege zikaongezeka tena, na ikabidi baadhi yake ziruhusiwe kutumia njia ya mvua, kwa muda tu.

Siku hizi Dorcas analima kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, na maji ya kumwagilia anayafuata uwanjani kwa ndoo. Juzi askari wa mlangoni alimuuliza anampokea nani.

"Mvua."

Askari akatazama ubao wa safari. "Imechelewa. Kaa pale."

Akaketi, ndoo magotini, kando ya mama mmoja aliyeshika karatasi yenye jina la mgeni wa Kizungu.

"Wako anatoka mbali?" aliuliza yule mama.

"Hapana, hapo ziwani tu," alisema Dorcas, akavuta miguu kumpisha mtu mwenye sanduku la magurudumu.