Wenye Mashamba Waliingia Saa Nne

Siku ya Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Virginie alifungua biro ya mashamba pale Mushaki, akafuta meza kwa kitambaa chenye maji, akaweka chupa ya chai upande wa dirisha, akawasha kompyuta. Kompyuta ilichukua dakika sita kuamka, kama kila siku. Kisha ile programu ya kuandikia, iliyotoka biro kubwa ya Goma ndani ya mfuko wa plastiki miaka minane nyuma, ikasema kwamba muda wa ruhusa yake umekwisha. Virginie aliifunga, akaifungua tena. Ikasema vilevile.

Papa Kasika, mkubwa wa biro, aliisoma sentensi hiyo mara mbili akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Basi tuiache," alisema. "Goma balituandikia kama kuko zingine za bure, mu intaneti. Tutatumika na zile."

Biro ikahama hivyo. Ng'ambo ya barabara Papa Kataliko, mtu wa Butembo aliyeuza sabuni, betri na samaki wa chumvi, alikuwa na antena juu ya duka lake. Aliwapa rezo ya intaneti kwa ujirani, kwa saa ambazo jenereta yake inawaka, yaani tangu saa tatu mpaka saa nane. Virginie alihamisha orodha ya mashamba mstari kwa mstari, mistari mia mbili na kumi na minne. Ilimchukua siku mbili. Kila mstari ulikuwa na jina la mwenye shamba, mipaka yake, na mwishoni neno moja: yuko, ao hayuko. Ilikuwa vita. Kwa miaka miwili mlima wa mashamba hayo ulikuwa umepita mikononi mwa wenye bunduki mara nne, na walioandikwa hayuko walikuwa wengi.

Zamani orodha ilikaa ndani ya kompyuta moja, chumba kilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa Papa Kasika. Sasa ilikaa mahali ambapo Virginie hakupajua, ikawa na anwani, na kila mwenye anwani aliweza kuingia, kusoma na kuandika. Barua ya Goma ilisema anwani ifikishwe kwa wahusika wote. Pale Mushaki jambo la biro halihesabiwi kuwa limefika kwa watu mpaka lisomwe kanisani, kwenye matangazo, baada ya komunyo. Kwa hiyo Virginie alinakili anwani kwa kalamu nyekundu, herufi sitini na moja pamoja na vile vimstari vya kulala, akampa mkatekista.

Jumapili mkatekista alitangaza ndoa mbili, mkutano wa wamama, na mbuzi mweupe aliyepotea. Kisha akasoma anwani, herufi moja moja, mara mbili kama desturi yake, kwa sauti ya juu. Watu walisikiliza hadi mwisho, na wengine wakajibu amina. Madirisha ya kanisa lile hayana vioo, na makaburi yako upande wa kushoto, hatua kumi tu.

Jumatatu saa nne wakaingia.

Juu ya orodha yalitokea maduara madogo ya rangi, la kijani, la zambarau, kisha mengi, na Virginie akahesabu thelathini na nane. Programu ile humpa mgeni asiye na jina picha ya mnyama. Kulikuwa na bundi, kobe, pomboo, na ngamia watatu, ambao huku Masisi hawajawahi kufika. Wakaanza kuandika, polepole, kama watu wanaotumia kidole kimoja. Kwenye mstari wa themanini na saba kobe aliandika: Toka muti ya avoka mpaka kijito, hatua 112. Toka kijito mpaka jiwe murefu, hatua 90. Yuko. Evode.

Virginie alimjua Evode. Mwezi wa sita mwaka uliopita yeye mwenyewe alipeleka sufuria ya maharagwe kwenye kilio chake, siku alipozikwa. Akajimiminia chai.

"Papa Kasika, bale ba makaburi bameingia."

"Bangapi?"

"Makumi tatu na nane."

"Banataka nini?"

"Banasahihisha."

Papa Kasika akaja haraka kuliko kawaida yake. Alhamisi alikuwa ameondoa majina kumi na moja ya walioandikwa hayuko, na kila mahali akaweka jina la Papa Édouard, mwenye ng'ombe, mkaaji wa Goma, aliyetaka upande ule wa mlima uwe kipande kimoja. Alifanya kama alivyozoea kufanya na programu ya zamani, ambayo ilikuwa haikumbuki kitu. Hii mpya ilikumbuka. Pembeni iliandikwa: Kasika, Alhamisi, saa tano na dakika ishirini, ameondoa Evode, ameweka Édouard.

Alimwondoa Evode tena. Kobe akamrudisha. Akamwondoa. Kobe akamrudisha. Waliendelea hivyo mpaka jenereta ya Papa Kataliko ilipozima.

"Huyu iko na kichwa ngumu," alisema Papa Kasika.

"Hata akiwa muzima alikuwa vile," alijibu Virginie.

Kesho yake alikuja Mukashema, mke wa Evode. Vita ilipomkuta alikimbia kwa miguu mpaka Walikale, na jembe na watoto wawili, na aliporudi alikuta shamba lake limezungushwa waya. Watu wa Papa Édouard walimwambia alete karatasi ya biro kabla ya Ijumaa, la sivyo ng'ombe wataingia. Alikuwa amebeba mbegu za maharagwe ndani ya kopo la maziwa.

"Papa, nimekuja juu ya karatasi. Mbegu niko nayo, na mvua njo hii inaanza."

"Shamba iko kwa jina ya nani?"

"Ya bwana yangu, Evode."

"Basi bwana aje. Mwenye shamba anapashwa kuwa hapa yeye mwenyewe."

"Iko hapa, Papa," alisema Virginie. "Tangu saa nne kamili." Akageuza kioo cha kompyuta.

Mukashema alivuta kiti. Alimtazama kobe kwa muda mrefu, kisha akamwomba Virginie amwandikie kwamba yeye amerudi, na watoto ni wazima. Virginie akaandika. Jibu lilikuja herufi baada ya herufi: Maharagwe panda upande wa juu. Chini maji inakaa.

"Njo yeye mwenyewe," alisema Mukashema. "Hata salamu haiko."

Papa Kasika alikuwa amevua miwani.

"Sawa, amekuja. Sikatae. Lakini karatasi inaomba kidole." Akafungua kile kikopo cha wino, akakiweka mezani. Wote watatu walingoja. Virginie akakisogeza karibu zaidi na kioo. Kobe hakufanya kitu.

"Unaona, mama? Bila kidole karatasi haitoke."

"Kidole yangu njo hii."

"Yako haiko mu orodha."

Alhamisi Papa Kasika hakwenda kula. Alisoma maelezo yote ya programu ile, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akapata mahali padogo penye machaguo matatu: wageni waandike, ao watoe maoni, ao watazame tu. Akabonyeza la tatu. Maduara thelathini na nane yakabaki palepale, lakini hakuna aliyeandika tena. Ijumaa asubuhi karatasi za mashamba kumi na moja zilichapwa kwa jina la Papa Édouard, na dereva wake akaja kuzichukua.

Wafu hawakufukuzwa. Wanaingia kila siku saa nne na kutoka saa nane. Kila mmoja hutuma ombi la kuruhusiwa kuandika, na Virginie hufuta maombi hayo kila asubuhi, baada ya chai, kama alivyoagizwa. Katika ripoti ya mwezi aliandika: wageni kwa siku, thelathini na nane, kati yao marehemu, thelathini na nane. Goma walijibu kwamba kwa Masisi na Walikale hakuna biro yenye ushiriki kama huo, wakatuma cheti chenye muhuri. Kimepigiliwa juu ya kabati.

Mukashema alipata kibarua cha kupanda majani ya ng'ombe kwenye fermu mpya ya Papa Édouard. Virginie alikutana naye njiani akamwambia kwamba kobe bado iko kwa mustari wake.

"Umuache akae," alisema Mukashema.

Kapita, msimamizi wa vibarua wa fermu, anampenda kuliko wote. Wengine wanavunja majembe, lakini yeye anajua kila jiwe lililo chini ya udongo ule, pa kupita na pa kuzunguka, bila kuonyeshwa. Kwa hiyo kila asubuhi kapita anamweka mbele ya mstari, na wengine wanaambiwa wachimbe pale anapochimba yeye.