Uchafu wa Kuomba

Mtaani walimwita Mama Sabuni, na yeye hakuona kama ni tusi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka mia nne kwa siku, na angeweza kuingia chumbani kwa mtu akajua kwa pua tu foronya zilibadilishwa lini. Alichokiona alikisema. Mumewe alikwisha kuzoea, wanawe walikwisha kuzoea. Baba mkwe wake, aliyehamia kwao miezi minne iliyopita baada ya kumzika mkewe, alikuwa bado anajifunza.

Mzee alikuja na sanduku moja la nguo na samaki wanane. Si wale wa ukubwa wa kidole wanaokaa kwenye chupa. Hawa walikuwa wa rangi ya dhahabu, wanene, wengine wakubwa kuliko kiganja, na walihitaji hodhi la plastiki la lita mia sita. Hodhi likawekwa ukumbi wa nyuma, pale Mama Sabuni alipokuwa akipigia pasi. Samaki walikuwa wa marehemu. Mzee alikuwa fundi mizani maisha yake yote na hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kila asubuhi alivuta kigoda akaketi kando ya hodhi, na kutoka jikoni Mama Sabuni alimsikia akiwaeleza samaki jinsi alivyolala na jinsi goti linavyomsumbua. Yeye mwenyewe aliambulia "Asante, mama" na "Nimeshiba, mama."

Filta ya zamani, kisanduku kilichoning'inia ukingoni mwa hodhi, ilikuwa imechoka. Ilinguruma kama mtu mwenye kifua, na maji yalianza kuwa na ukungu. Mama Sabuni hakumuuliza mtu. Alikwenda kwa muuza samaki mjini, akarudi na filta ya ndoo. Ndivyo muuzaji alivyoiita, na ndivyo ilivyokuwa: ndoo nyeusi yenye mota kwenye mfuniko, mpira mmoja wa kuvuta maji hodhini, mwingine wa kuyarudisha, na ndani yake trei tatu za kupanga sponji na vipande vya udongo wa kuchoma vyenye matundu.

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, aliitoa kwenye boksi. Mwanamke aliyewahi kufungua kwa spana mashine ya kufulia ya kilo hamsini hakuwa wa kutishwa na ndoo. Mzee aliisogelea. Akafungua mfuniko, akazungusha kwa kidole kipangaboi cha mota, akakisikiliza.

"Hii ndiyo aliyoitamani mama yenu," alisema. "Kila mwaka nikimwambia tutanunua mwakani."

"Basi mwakani umefika, Baba. Tuifunge."

Wakaanza. Mzee alipima kwa kamba. Ndoo lazima ikae chini ya usawa wa maji, alieleza, ili maji yashuke yenyewe kuingia, na mota ifanye kazi ya kuyapandisha tu. Ukumbi ulikuwa na ngazi mbili za kushukia uani, kwa hiyo ndoo ikawekwa kwenye ngazi ya chini, ikasimama wima kama askari. Walikata mipira, wakachovya ncha zake kwenye maji ya moto zilainike, wakazisukumiza kwenye koki. Mama Sabuni alikuwa na nguvu za mikono, mzee alikuwa na jicho. Hadi saa sita mchana hawakuwa wamegombana hata mara moja.

"Acha nikameze dawa nijinyooshe kidogo," mzee alisema. "Nikiamka tunapanga trei."

Sasa, kumwambia Mama Sabuni akae asubiri ni sawa na kumwambia mtoto asikanyage dimbwi. Alifagia vipande vya mipira. Akapangusa ndoo ambayo haikuwa na vumbi. Kisha macho yakatua kwenye filta ya zamani, ambayo mzee alikuwa ameing'oa na kuiacha ndani ya karai lenye maji kidogo. Ndani yake mlikuwa na sponji. Ilikuwa nyeusi kwa ukahawia, inateleza, na alipoinyanyua kwa vidole viwili ilidondosha uji.

Hakufikiri mara mbili. Aliipeleka kwenye sinki akaimwagia maji ya moto, sabuni na kifuniko kimoja cha dawa ya kung'arishia mashuka, akaisugua kwa brashi hadi mikono ikamuuma. Ilisuuzwa mara tatu. Sponji ilitoka buluu. Hakuna aliyejua kwamba ilikuwa ya buluu. Akaianika kwenye kamba kati ya foronya mbili, akaibana kwa vibanio, akaweka mikono kiunoni akaitazama. Mzee angeamka akute kazi imekwisha. Kwa kweli alikuwa na furaha.

Mzee aliamka saa nane.

"Sponji ya zamani iko wapi?"

"Kwenye kamba, Baba."

Mzee aligeuka akaitazama.

"Umeifua."

"Ilikuwa imeoza. Hata rangi yake ulikuwa huijui, eh?"

Akaenda akaichomoa kwenye vibanio, akainusa. "Na dawa," alisema. Akarudi akaketi kwenye kigoda. "Ule uchafu ndio uliokuwa ukisafisha maji, mama. Sponji ni nyumba tu. Mkojo wa samaki ni sumu kwao wenyewe. Kwenye ule uji kuna vijidudu wanaoila ile sumu. Nilitaka kuihamishia ndani ya ndoo, ndoo ianze nao. Sasa ndoo ni tupu. Itazungusha maji mwezi mzima kabla haijapata wake, na hawa," akaonyesha hodhi kwa kidevu, "hawana mwezi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Alilisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma. Mzee aliingia chumbani kwake akafunga mlango polepole. Angeubamiza, Mama Sabuni angejua la kufanya. Watu wa kubamiza milango aliwamudu kila siku kazini. Kwa mlango uliofungwa polepole hakuwa na dawa. Wale samaki wanane ndio waliobaki wa maisha ya yule mzee, naye alikuwa amewafulia uhai wao na kuuanika juani.

Akampigia simu muuza samaki.

"Umeifua kwa dawa?" muuzaji aliuliza. "Mama, nisamehe kwa kutokukuonya. Sikujua kama kuna mtu anaweza kuifua kwa dawa."

"Sasa umejua. Nifanye nini?"

"Tafuta mtu mwenye samaki wa siku nyingi, wazima. Mwombe sponji yake chafu, leo hii. Isikauke, isiguse maji ya bomba. Mimi ningekupa, lakini wa hapa dukani wana ugonjwa wiki hii, nitakuuzia balaa."

Mwenye samaki wa siku nyingi alikuwa mmoja tu karibu, na alikuwa upande wa pili wa ukuta. Mama Bata alifuga mabata saba na samaki waliojaa kwenye beseni la kuogea lililong'olewa kwenye nyumba ya mtu. Maji yake yalikuwa ya kijani. Harufu ilipanda ukuta ikashuka kwenye mashuka. Mama Sabuni alikuwa amepeleka barua mbili kwa kamati ya mtaa kuhusu harufu hiyo, na ya pili aliiandika kwa mwandiko mkubwa.

Alifika getini na ndoo mkononi.

"Karibu," Mama Bata alisema, akiwa anakatia mabata majani. "Au umekuja kukagua?"

"Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Uchafu."

Mama Bata aliweka kisu chini. "Rudia, sikio hili lina maji."

"Umesikia, bwana."

"Nimesikia, ila nataka na mabata wasikie."

Mama Sabuni hakujua kuzungukazunguka hata alipotaka. Alieleza yote, brashi, dawa, vibanio na mlango. Mama Bata alicheka hadi akaketi juu ya kreti, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akacheka tena. Kisha akanyamaza ghafla.

"Kumbe ni samaki wa mzee? Pamoja na yule mwenye mkia mweupe?"

"Umemjulia wapi mwenye mkia mweupe?"

"We dada, ukienda kazini mimi na mzee tunaongea hapo ukutani kila siku. Anajua samaki yule baba. Nimemwambia mara ngapi apite aone wangu, anakataa. Anasema mwenye nyumba hatapenda."

"Mwenye nyumba gani?"

"Wewe."

Miezi minne Mama Sabuni alikuwa akidhani mzee huongea na samaki tu.

"Barua niliandika mimi," alisema. "Na harufu bado ipo."

"Ipo," Mama Bata alikubali. "Lakini tangu mwaka juzi sijazika samaki hata mmoja. Kunja mkono wa gauni. Zamisha hapo kwenye kona, sponji zimo chini ya bomba la filta. Usikamue. Nimesema usikamue. Na uso usiukunje hivyo, samaki wanakuona."

Mkono wa Mama Sabuni uliingia kwenye maji ya kijani hadi juu ya kiwiko na kutoka na kitu laini, cheusi, chenye uhai wake.

"Chukua mbili," Mama Bata alisema. "Moja ya mzee, nyingine ya ile barua ya pili." Kisha akafunga geti lake akamfuata.

Mama Sabuni aligonga mlango wa mzee kwa kifundo cha mkono, maana vidole vilikuwa vinachuruzika.

"Baba, nimepata sponji. Inanuka hadi dari."

Kitanda kililia ndani.

"Ya nani?"

"Ya Mama Bata. Yupo hapa sebuleni, amepitia mlango wa mbele." "Nilikosea, Baba. Ni vitu vyako na sikuuliza."

Mlango ulifunguka. Mzee alitazama ndoo, akatazama mkono wa mkwewe wenye utando wa kijani, akaenda kuvaa miwani.

Walifanya kazi watatu. Trei ya chini walipanga sponji mpya ngumu, ya kuzuia taka kubwa. Ya kati vipande vya udongo. Na juu yake, bila kukamuliwa, zile mbili za Mama Bata. Waliijaza ndoo kwa maji ya hodhi lenyewe. Mzee akabana mfuniko, akafungua koki. Tone likachungulia kwenye ukingo, kisha la pili. Akafunga, akatoa ringi ya mpira, akaipitisha kati ya vidole hadi akakuta uzi mmoja wa pamba umenasa. Safari ya pili hakukuwa na tone. Maji yalishuka mpirani yakisukuma hewa mbele yake, na mota ilipowashwa ilikohoa, ikapiga kelele ya kokoto. Mama Sabuni aliinamisha ndoo huku na huku kama anayembembeleza mtoto, hewa ikatoka, na kelele ikafa. Upande wa pili maji yakaanza kurudi hodhini. Wote watatu waliinama kuyatazama.

"Bado," mzee alisema. "Tutajua baada ya siku kadhaa."

Muuzaji alikuwa amempa Mama Sabuni kichupa cha dawa ya kupimia sumu majini. Maji kidogo ya hodhi yakidondoshewa dawa hiyo yakabaki manjano ni salama, yakienda kijani kuna sumu. Hawakuwalisha samaki siku mbili. Siku ya tatu maji yalikuwa na ukijani mdogo, wakabadilisha ndoo kumi kwa maji yaliyolala usiku mzima ili ukali wa dawa ya bomba uishe. Siku ya tano ukijani ulikolea. Mwenye mkia mweupe alilala chini pembeni, hakugeuka hata mzee alipomwita, na mzee mwenyewe chakula hakikupita. Mama Sabuni alibeba ndoo ishirini kabla ya kwenda kazini na ishirini aliporudi. Hakusema kitu, jambo lililomtia hofu mumewe kuliko ugonjwa wa samaki. Mama Bata alikuwa akiuliza kutoka ukutani, "Vipi?" naye akijibu, "Bado yupo."

Siku ya saba ukijani ulififia. Siku ya tisa maji yalibaki manjano. Mzee, kwa kuwa alikuwa fundi mizani, alipima tena kwa kichupa kingine, na yakabaki manjano. Mwenye mkia mweupe alipanda juu akafungua mdomo kudai chakula.

"Manjano," mzee alisema.

"Nimeona, Baba."

Mama Sabuni akaiweka chini ndoo tupu aliyokuwa ameishika.

Wiki mbili baadaye dada wa mzee alimwita kwake kwa siku nne. Mzee alifunga mkoba wake mapema, akamfuata mkwewe jikoni.

"Samaki nakuachia."

"Mwachie Mama Bata, Baba. Yeye anajua zaidi."

"Anajua zaidi. Nakuachia wewe."

"Basi niandikie cha kufanya, nisije nikaharibu."

"Nimeshaandika." Akampa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama Sabuni aliikunjua akitegemea orodha. Ilikuwa na mstari mmoja: *Usifue kitu.*

Aliusoma mara mbili, bega likaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Na ukumbi?"

Mzee alifikiri kama mtu anayepima.

"Ukumbi fagia," alisema.