Mlango Uliobonyea

Kaka yangu ana akili nyingi, na hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa nazo kidogo angeuza magari kama watu wengine: angesimama kando ya barabara, afungue boneti, aongee na watu. Yeye akaanzisha tovuti. Na mimi mdogo wake, kwa kuamini maneno matamu, nikaacha kazi ya duka la dawa nikaja kuwajibu wateja ambao hawakuja.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha mbele nyumbani kwa Baba, kile alichokuwa akimpangisha mshona nguo. Baba alituvumilia weee, mwisho akatoa kauli.

"Liuzwe gari moja tu kupitia hilo dude lenu kabla mwezi haujaisha, chumba ni chenu. Lisipouzwa, namrudisha mshonaji na cherehani yake."

Na ili tusije tukasema anatuonea, akatupa gari lake mwenyewe tulitangaze.

Gari la Baba mtaa mzima ulilijua kwa mlango wa nyuma. Ulibonyea siku aliyorudi kinyumenyume akagonga nguzo ya lango lake mwenyewe, kisha akamlaumu Mama kwa kumsalimia. Kaka alilipiga picha, akaketi kwenye kompyuta asubuhi nzima, akalainisha pale palipobonyea. Akafuta na lango, na kamba ya nguo, na kuku. Nyuma ya gari akaweka milima yenye theluji.

"Kaka, mtu akija si atauona mlango?"

"Kwanza aje. Kizuri chajiuza."

"Chajiuza, lakini si kwa kujificha!"

Maana namba ya mwenye gari kwetu ilikuwa mwiko. Kaka alihofu kwamba mnunuzi na muuzaji wakionana wenyewe watampiga chenga. Ukitaka kuuliza kitu, ujisajili, uache namba yako, uandike swali, kisha usubiri kaka apende kujibu. Hata bei hatukuiandika.

Siku moja mkunga akaandika. Alikuwa amechoka kuomba lifti kila anapoitwa kazini usiku, na gari la Baba lilimvutia. Nani anauza? Kwa nini anauza? Naweza kuja kulisikia likinguruma? Maswali ya mtu mwenye akili timamu. Kaka akamjibu: "Ombi lako linashughulikiwa." Mkunga akauliza tena. Linashughulikiwa.

"Mpe namba ya Baba," nikamwambia. "Huyu ndiye mnunuzi!"

"Tulia, tusionekane tuna njaa."

Nilitamani kumtupia kibodi.

Mwezi ukiwa ukingoni, Baba akaenda zahanati kupima presha. Alirudi kwa miguu, anapiga mluzi.

"Gari liko wapi, Baba?"

"Nimeuza."

Mkunga wa pale zahanati alimkuta akiegesha, akauchekea mlango. Baba akamsimulia habari ya nguzo na salamu za Mama. Akamwambia na mengine: kwamba gari likiwa baridi hukohoa kidogo, na kwamba analiuza kwa sababu jioni macho yake hayaoni vizuri. Mkunga akaliendesha, akamwita fundi wake, wakapatana palepale.

Kaka akaruka. "Mkunga? Huyo ni mteja wetu! Limeuzwa kupitia sisi!"

Nami, Mungu anisamehe, nilimuunga mkono, maana chumba kilikuwa kinatuponyoka. Namba ya mkunga tulikuwa nayo tangu alipojisajili, ila hakuna aliyewahi kuipiga. Nikaipiga, nikaweka spika ili Baba asikie mwenyewe.

"Dada, samahani. Hebu mwambie mzee, si gari lake uliliona kwanza kwetu mtandaoni?"

"Lile la kwenye theluji?" Akacheka. "Aa, lile silo hili. Lile nililikatia tamaa. Gari la umri ule halina hata mkwaruzo, mwenyewe hajulikani, bei haijulikani! Nikasema hawa ni matapeli. Hili la mzee nimeliamini kwa ule mlango wake."

Baba hakucheka. Angecheka ningeona afadhali. Alisema tu kwamba mshonaji atakuja Jumamosi.

Jumamosi tukahamisha vitu. Mshonaji alisimama nje na cherehani yake, anangoja tumpishe. Kompyuta ilikuwa ya mwisho, na nilipoinama kuichomoa, ikalia. Kuna mtu analitaka gari la theluji. Yuko tayari kulipa, anaomba tu namba ya mwenye gari.

"Usichomoe!" kaka akasema. Akaweka kiti alichobeba, akainama juu ya kibodi. Nilidhani anamwambia gari limeshauzwa, angalau mara moja aseme kweli.

Akaandika: "Ombi lako linashughulikiwa."

Nikachomoa waya.