Sifuri za Mzee Pantaleo

Evod alifuta sifuri siku ya kwanza tu, kabla hata hajajua choo kiko wapi.

Kwenye mashine yetu ya kukoboa mpunga hapa Ifakara, magunia yaliandikwa kwa mkaa tangu sijazaliwa: 001, 002, 003, kila mteja namba yake, kadiri alivyofika. Aliyeanzisha ni Mzee Pantaleo, karani wa zamani. Alikuwa ameona mengi. Bila sifuri, mwenye 13 hufuta ile moja kwa kidole akawa wa 3. Ukiandika 013, akifuta, pengo linabaki linamsema. Macho yalipomchoka mzee akarudi kwao Namawala, na tajiri wetu Hermenegildi akamleta mpwa wake Evod, pamoja na kompyuta na cheti kilichotiwa kwenye fremu.

"Hizi sifuri za nini?" Evod aliniuliza. "Sifuri ya mbele haina thamani. Hata darasa la kwanza wanajua. Au wewe hukufika huko?"

Mimi nilifika la tano. Niliinamia ufagio. Kazi yangu ni kufagia pumba, na watu wakinitazama sauti hunikauka.

Akaagiza magunia yaandikwe 1, 2, 3. Wateja akawahutubia kuhusu Python yake, lugha ya kompyuta ambayo eti ni nyepesi, ya wanaoanza, lakini ina akili kuliko watu wote waliosimama pale. Alizunguka na kompyuta mkononi akiandika namba na jina la kila mteja aliyekutana naye, ovyo ovyo. Alipomaliza alibonyeza mara moja, orodha ikajipanga yenyewe, akashika kipaza sauti kana kwamba anatangaza matokeo ya uchaguzi.

Ilikuwa Ijumaa. Namba tatu alikuwa Bibi Agnella, mkazi wa Uchindile, aliyekuja na magunia matatu kutoka kwenye kishamba chake cha Namawala. Alifika jua halijatoka. Jumapili mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara, na mchele huo ndio ubwabwa wa wageni. Treni ya kwenda kwao ilikuwa saa nane mchana. Baada ya hiyo, hakuna nyingine mpaka wiki inayofuata. Hilo tulilijua wote, maana alimwambia kila aliyekaa karibu naye.

Namba moja akaitwa, akakobolewa. Kisha Evod akatangaza, "Namba kumi, Vitus."

Vitus ni mfanyabiashara wa mchele. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka kunywa chai, bado anajifuta mdomo.

"Mimi?"

"Wewe, kaka."

"Haya. Sibishani na elimu."

Magunia yake kumi yakaingia. Bibi Agnella akanyanyuka. "Mjukuu wangu, mimi ni wa tatu."

"Bibi, kompyuta ndiyo imepanga. Kompyuta haina ndugu wala shangazi."

Anayesema hivyo ni mpwa wa tajiri.

Vitus alipomaliza ikaitwa kumi na moja. Watu wakaanza kunung'unika. Evod akaizima kompyuta akaiwasha, akapuliza vitufe, akasema tatizo ni mtandao. Mle ndani hakuna mtandao wowote, kuna vumbi tu.

Nilipita nyuma yake nikifagia, nikatazama kioo cha kompyuta. Kila mstari ulikuwa umefungwa kwa alama za kunukuu, zile ambazo mwalimu alitufundisha kuwa ni za maneno ya mtu. Na mistari ilikwenda hivi: 1, 10, 11, mpaka 19, halafu 2, halafu 20 mpaka 23, ndipo 3. Watu kumi na sita mbele ya Bibi Agnella.

Mpangilio huo niliujua. Ni ule wa daftari la kwaya yetu parokiani, Apolonia juu, Violeth chini, hata kama Violeth ndiye aliyeanza kuimba miaka kumi kabla. Kompyuta ilikuwa inazisoma namba kama majina. Inatazama alama ya kwanza, na wote wanaoanza na moja inawaweka pamoja. Haikuhesabu, kwa sababu Evod hakuiambia kuwa zile ni hesabu. Zingekuwa na sifuri za mzee, 003 ingekaa kabla ya 010 hata kwa kusomwa hivyo. Cheti kinaning'inia ukutani, na mwenye cheti hajui jambo ambalo mkaa wa mzee ulilimaliza zamani.

Saa ilikuwa tano na nusu. Nikainama karibu na Bibi Agnella kana kwamba nazoa pumba miguuni pake.

"Shikamoo bibi. Mwambie arudishe sifuri."

"Sifuri gani, mwanangu?"

"Za mbele. Zote ziwe tarakimu tatu."

Alinitazama, kisha akaenda mezani akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Evod akacheka.

"Bibi, nimeshaeleza. Sifuri ya mbele haina thamani."

"Basi iweke. Kama haina thamani, itakupunguzia nini?"

Vitus, aliyekuwa anafunga magunia yake, ndiye aliyecheka zaidi. Evod akazipachika moja moja, uso umemvimba, ili amwonyeshe bibi ujinga wake mbele ya watu. Akabonyeza. 001, 002, 003. Alikaa anaitazama orodha kwa muda mrefu sana, kwa mtu mwenye akili kiasi kile.

"Namba mbili," akasema, bila kipaza sauti.

Saa saba kasoro mchele wa Bibi Agnella ulikuwa juu ya bajaji. Nilimfungia midomo ya magunia mwenyewe. Alinishika mkono, bajaji ikageuka kuelekea stesheni.

Jioni tajiri alipokuja, Evod alimweleza kuwa aligundua hitilafu kwenye mfumo na akairekebisha kitaalamu. Mjomba mtu akafurahi, akaagiza mpwa wake aletewe soda. Nilifagia mpaka chini ya kiti cha Evod. Hakuinua hata miguu.