Dagaa Walikuwepo

Asubuhi ile ya Oktoba Mto Trent ulikuwa umepungua, na maji yake maangavu kama ya kunywa, jambo ambalo hakuna mvuvi wa ndoano anayelipenda. Samaki akikuona, umekwisha. Watu wa vilabu vyote vya mashindano walikuwa wamesimama karibu na magari yao wakipuliza vidole, wakinywa chai na kula mikate ya nyama ya nguruwe, huku wakiulaani mto kama desturi yao.

Trevor Wragg, nahodha wa klabu ya Malthouse, aliwaita watu wake nyuma ya gari lake. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, na hakuwahi kumgombeza mtu hadharani. Safari hii klabu yake ilikuwa imefika fainali ikiongoza, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu apewe unahodha. Ukingo uligawanywa sehemu, kila klabu ikiweka mvuvi mmoja katika kila sehemu, na kila mtu aliyempita kwa uzito wa samaki aliipa klabu yake pointi moja.

"Sikilizeni," alisema. "Mto umekonda. Leo hakuna cha kuvua nyangumi. Ni dagaa tu. Ufito mwembamba, ndoano ndogo, funza mmoja mmoja, filimbi mpaka filimbi. Haba na haba. Sihitaji mtu ashinde sehemu yake. Nahitaji asiwepo wa mwisho."

"Na barbeli akipita?" aliuliza Colin Sladen, akimtaja samaki mkubwa mwenye nguvu wa mto ule.

"Mpungie mkono."

Wakacheka. Neville Orgill naye alicheka, ingawa kicheko chake kilikatika mapema. Neville alikuwa fundi wa mabasi, mume wa Pauline, dada yake Trevor. Klabuni walimwita Bwana Dagaa, kwa sababu miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akitoa samaki wa kujaza mikono miwili. Krismasi iliyopita walimpa zawadi ya kopo la sadini lililofungwa utepe mwekundu. Alilipokea akicheka, akalipeleka nyumbani, akalitupa kwenye pipa la taka kabla Pauline hajaliona.

Kura ilipopigwa, Neville akapangiwa kigingi, yaani mahali pa kuvulia, cha chini ya mwerebi, mti ulioinamia maji hadi matawi yake yakagusa mkondo. Watu wakapiga mluzi. Kila mtu alijua kwamba Jumatano mtu mmoja alitoa hapo barbeli mnene kama paja la mtoto.

"Dagaa, shemeji," Trevor alimnong'oneza, akimpiga begani.

"Dagaa," Neville akajibu.

Kigingi kilichofuata, upande wa chini wa mto, kilikuwa cha Hazel Mabbutt wa klabu ya wapinzani. Hazel alikuwa mpishi mstaafu wa shule, mwanamke mnene aliyevaa kofia ya marehemu mumewe na kuvua huku akiimba kwa pua.

"Habari za asubuhi, mwanangu," alimsalimu. "Umekaa pazuri hapo. Usiniamshie majirani."

Filimbi ikalia. Neville alifanya kama alivyoagizwa. Alirusha funza kidogo kidogo, akashusha ufito mwembamba, na mara chelezo la mshipi likazama. Dagaa wa kwanza. Halafu wa pili. Walikuwa wadogo kama kidole, lakini walikuja, na kila mmoja alimtia kwenye wavu uliotumbukizwa majini, wakae hai hadi saa ya mizani.

Wanaume wawili waliokuja kutazama wakapita nyuma yake. "Bado unavua chakula cha paka, Nev?" mmoja akasema. "Na umekalia kitanda cha mfalme."

Akashusha ufito tena. Lakini walipoondoka, chini ya mwerebi kitu kikageuka majini, taratibu, ubavu wa rangi ya shaba, mrefu kama mkono wa mtu. Neville aliuona kwa nukta moja tu. Ilimtosha. Aliulaza ufito mwembamba kwenye majani, akachukua fimbo kubwa ya kuvulia, akafunga ndoano nene na chubwi zito la kuzamisha, akatupa chambo karibu na mizizi. Alijiambia ni mara moja tu, akikosa atarudi kwa dagaa.

Haikuwa mara moja. Kila alipovuta fimbo bila kitu alijiambia atupe tena. Mchana ukafika na wavu wake ukabaki na dagaa wale wale wa asubuhi. Upande wa chini Hazel alikuwa akiinua na kushusha ufito wake kama mtu anayeshona.

"Wamekukataa?" aliuliza bila kugeuka.

"Wamepotea," Neville akasema. "Hakuna kitu huku."

Hazel akatazama maji ya mbele ya Neville. Dagaa walikuwa wakirukaruka juu ya maji kama matone ya mvua. Aliwatazama, kisha akarusha funza wengine mbele ya chelezo lake.

Saa ya mwisho ilikuwa imeanza kuyeyuka pale fimbo kubwa ilipopinda hadi ncha ikagusa maji. Neville akasimama. Barbeli akashuka na mkondo moja kwa moja kwenye maji ya Hazel, na Hazel akainua ufito wake ampishe. Watu wakaanza kukusanyika ukingoni. Miongoni mwao walikuwepo wale wawili wa asubuhi. Neville aliwasikia nyuma yake wakisema, "Loo, Nev kashika kitu," na moyo wake ukavimba.

Hapo ndipo alipoharibu. Mvuvi mwenye akili zake angemwacha samaki achoke. Yeye alitaka watu wamwone akimtoa. Akavuta kwa nguvu, akamgeuza, akamrudisha juu kuelekea mwerebi. Barbeli akaingia kwenye mizizi. Mshipi ukalia kama waya wa gitaa, ukakatika, fimbo ikanyooka, na Neville akajikuta amesimama mbele ya watu akishika fimbo isiyo na kitu.

"Pole, Nev," mtu akasema. Wakatawanyika bila hata kumtania. Angeona nafuu kama wangemtania.

Akaurudia ufito mwembamba. Lakini hakuwa amerusha funza tangu asubuhi, na dagaa walikuwa wamehamia kule walikokuwa wakilishwa, kwa Hazel. Alipata mmoja tu. Filimbi ikalia.

Wapimaji walipokuja na mizani, wavu wake ulitoa wakia tano. Jirani wa upande wa juu, kijana mwenye mafua aliyekuwa amelalamika kutwa nzima, alipata wakia saba. Hazel alikuwa na ratili tisa na ushei, dagaa watupu, wakimeremeta kama sarafu mpya kabla hajawamwaga mtoni. Sehemu ile aliishinda yeye. Neville alikuwa wa mwisho. Dagaa wachache zaidi wangemwokoa.

Katika baa walipotangaza matokeo, Malthouse ilikosa kombe kwa pointi moja. Watu wakamgeukia Neville bila kukusudia, kisha wakatazama bia zao.

Trevor akaja kukaa kando yake. "Ilikuwaje, shemeji?"

Neville alikuwa ameipanga sentensi tangu kule mtoni. "Dagaa hawakuwepo," akasema. "Nilijaribu na kujaribu. Walipokataa kabisa ndipo nikamtafuta barbeli. Ningefanya nini?"

"Hakuna ambacho ungeweza kufanya," Trevor akasema, na akaamini. Akasimama na kuwaambia wengine, kwa sauti iliyosikika hadi kaunta, "Msimlaumu Nev. Kigingi kilikuwa kikavu. Alifanya nilichomwambia."

"Kikavu?" akadakia mtu wa klabu ya wapinzani. "Na jirani yake kavua ratili tisa? Haya, Hazel, wewe ulikuwa hapo. Kulikuwa kukavu?"

Hazel alikuwa akikata pai yake. Akamtazama Neville, kisha Trevor aliyesimama na glasi mkononi akisubiri.

"Mto una mambo yake," akasema. "Hatua chache tu na ni nchi nyingine. Mimi sikuona akipata kitu."

"Mnasikia?" Trevor akasema.

Colin akamletea Neville bia. Mwingine akamsogezea sahani ya viazi. Walimfariji mmoja mmoja, na kila aliyemshika bega alikuwa kama anamwekea jiwe. Akaisukuma sahani kando. Hatimaye akatoka nje.

Hazel alikuwa akipakia vyombo kwenye gari lake. Neville akamsogelea. "Asante, Hazel. Kwa uliyosema ndani."

"Usinishukuru." Hakusimamisha kazi yake. "Sikuyasema kwa ajili yako. Yule mwanamume alikuwa amesimama mbele ya watu akikutetea. Ningefanyaje, nimvue nguo? Lakini umenifanya niseme uongo, mwanangu, na mimi sipendi uongo. Sasa hilo ni lako, si langu."

Akafunga buti ya gari na kuondoka.

Neville na Trevor walikuwa wamekuja pamoja kwa gari la Trevor, na walirudi pamoja. Walipovuka daraja Trevor alikuwa bado anamfariji, akisema mwakani watapata bahati ya kura, na kwamba Pauline asimsumbue kwa maswali.

"Walikuwepo," Neville akasema.

"Nani?"

"Dagaa. Walikuwepo kutwa. Niliwaacha nikamfuata barbeli. Tangu asubuhi, Trev. Hazel alikufichia aibu yako, si yangu."

Trevor akaendesha hadi taa nyekundu, akasimama, na ilipogeuka kijani akachelewa kuondoka hadi gari la nyuma likapiga honi.

"Niliwaambia watu," akasema hatimaye. "Nilisimama nikawaambia." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu.

Nyumbani kwa Neville, Trevor alimsaidia kushusha vyombo, kama siku zote, akaviegemeza ukutani kwa uangalifu. Lakini hakuingia kunywa chai. Pauline alitoka mlangoni na taulo mkononi, akaliona gari la kaka yake likikata kona.

"Mbona Trevor hajaingia? Mmegombana?"

"Hapana," Neville akasema, akamweleza pale pale barazani, yote, pamoja na uongo wa baa. Pauline alimsikiliza hadi mwisho. "Sasa na wale wengine?" akauliza.

Jumanne klabu ilikutana. Neville alisimama akawaambia mwenyewe, akimtazama Colin kwa sababu hakuweza kumtazama Trevor. Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha. Colin akasema, "Kumbe," basi. Hawakumfukuza. Trevor akasoma majina ya mashindano ya wiki iliyofuata kwa sauti yake ile ile ya upole, na jina la Neville halikuwemo. Baada ya kikao, Neville alibaki kupanga viti ukutani. Trevor akarudi, akachukua viti upande wa pili, wakafanya kazi ile hadi kiti cha mwisho.