Ukurasa wa Siku Saba

Sitaki mtu aniambie pole. Heda niliiandika mimi mwenyewe, Mwongeli, nikiwa macho, chai mkononi, hapa ofisi ya kanisa Tulia.

Heda ni amri fupi inayotangulia ukurasa wa wavuti. Inaiambia simu: nakala hii kaa nayo muda fulani, usiulize tena. Kanisa letu lina proksi, mashine inayohifadhi kurasa ili wifi isimalize bando, na matangazo ya makanisa yetu yote hadi Kalamba na Salama yanapitia humo. Ningeweza kuiamuru simu iulize kila mara kama kuna jipya. Lakini Kalamba wifi iko kanisani tu. Watu wanafungua matangazo Jumapili wakiwa kwenye benchi, halafu wiki nzima wanasomeana nyumbani bila mtandao. Na matangazo ya kanisa hubadilika lini? Jumapili hadi Jumapili. Basi nikaandika sekunde 604,800, siku saba kamili, nikajiona mjanja.

Kisha matapeli wakaanza kuwapigia wazee, wakijifanya kanisa. Mimi huyo huyo nikasimama mbele ya ushirika wa Kalamba nikasema, "Msiamini simu. Aminini ukurasa. Na mtu akikuambia bonyeza hapa, kata." Wakanipigia makofi.

Alhamisi saa nne asubuhi akanipigia Hani, nesi wa kliniki ya macho kule Salama. Madaktari tuliotangaza kwenye ukurasa kuwa watakuja Ijumaa kuondoa mtoto wa jicho wamekuja leo, jioni wanaondoka, na hakuna anayejua watarudi lini. Nikabadilisha ukurasa, nikafuta nakala ya zamani kwenye proksi. Dakika mbili tu. Lakini nakala zilizo ndani ya simu za watu, hizo utazifuta na nini? Huko mkono wangu haufiki.

Kutoka Kalamba alikuwa amejiandikisha mgonjwa mmoja tu, Susu Kaluki, nyanya wa miaka sabini na minane. Jicho la kushoto lilishakufa. La kulia ndilo hilo la kutibiwa, nalo lilikuwa limebakiza kuona mwanga wa mlangoni. Nikampigia.

"Susu, ni Mwongeli wa kanisa. Madaktari wako leo. Toka sasa hivi, utawahi."

"Ngoja Mwau aangalie."

Mwau ni mwanawe, mtu mzima mwenye watoto wake. Nikamsikia akisema, "Mama, ukurasa unasema Ijumaa." Kisha akachukua simu.

"Mwau, hiyo ni ya Jumapili. Nenda kanisani kwenye wifi, bonyeza pale pa kuupakia upya..."

"Nibonyeze?" Akacheka. "Dada, tafuta kazi." Akakata.

Nikapiga tena mara tisa. Alikuwa ameshaifungia namba yangu. Pasta wa Kalamba alikuwa mazishini, simu imezimwa. Mwenye duka la mbolea pale sokoni Kalamba hakushika simu. Hani aliwaomba madaktari wangoje hadi saa kumi na moja, na maskini walingoja. Mimi nikabaki nimetazama skrini, neno Alhamisi limeandikwa kwa herufi nyekundu, sahihi kabisa, na mtu wa kulisoma hayupo. Nililia kwa hasira. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mama huyu alichuma nini? Alinisikiza tu.

Ijumaa saa mbili Hani akapiga. "Susu amefika na mwanawe. Amevaa nguo za kanisa. Mwongeli, sijamwambia. Nimeshindwa." Kabla sijajibu akampa simu.

"Mwanangu," akasema Susu Kaluki, sauti imejaa furaha. "Mungu akubariki. Jana tapeli alinipigia, mwanamke, hata sauti yako aliiga vizuri sana. Karibu anipate. Nikakumbuka vile ulitufundisha, nikakataa. Sasa niambie, daktari anaanza saa ngapi?"